Mama, unauliza ao unasema?

Jumamosi moja, kwenye mkutano wa wazazi huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, baba mmoja alisimama kutueleza habari ya feza ya masomo. "Tunakuya hapa juu ya nini? Juu ya batoto. Batoto banafanya nini? Banarudishwa ku nyumba. Banarudishwa juu ya nini? Juu ya feza." Nilihesabu "nini" kumi na saba kabla hajakaa. Hakuna aliyeguna.

Kisha akasimama mama mmoja. "Mi niko na batoto batatu," akasema, sauti ikapanda mwishoni. "Mukubwa iko mu mwaka ya sita," ikapanda tena. Baba yule akamkatiza: "Mama, unauliza ao unasema?" Ukumbi ukacheka. Mama akakaa.

Kazi yangu ni kufundisha fonetiki, elimu ya sauti za lugha, na kicheko kile kimeniuma hadi leo, kwa sababu tulimcheka asiyestahili.

Kibemba, Kiluba na Kisanga, lugha ambazo wengi wa Lubumbashi walizisikia kwa bibi zao, hutumia sauti ya juu na ya chini ndani ya neno lenyewe. Hiyo ndiyo toni. Kiswahili kiliipoteza toni, kikabaki na shadda, yaani mkazo, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kupanda na kushuka kwa sauti kumebaki kwa ajili ya sentensi nzima, na kazi yake ni kubwa. "Sukari iko." "Sukari iko?" Maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule. Mtoto anayetumwa dukani anaijua tofauti kabla hajajua kuandika. Kooni, nyuzi za sauti zinavutwa na kutetemeka haraka zaidi. Mwanamume akizungumza kawaida hutetemeka kama mara 120 kwa sekunde, mwanamke kama mara 200, na kuongeza kidogo tu karibu na mwisho kunatosha kugeuza habari kuwa swali.

Lakini sauti hupanda pia kusema "bado sijamaliza". Msikilize mtu akitaja vitu vya kununua: tomati, chumvi, mafuta. Kila kimoja kinainuka, cha mwisho kinashuka. Kifaransa hufanya hivyo karibu kila mwisho wa kifungu ndani ya sentensi. Mwanafonetiki Pierre Delattre alikieleza kiimbo hicho cha kuendelea, yaani kupanda huko kwa sauti, mwaka 1966, na kila aliyepita masomo katika mji huu amekisikia kwa walimu wake miaka mingi. Mama yule alikuwa anatupangia watoto wake mmoja mmoja. Alikuwa anatuomba tungoje.

Kumcheka mwanamke kwa jambo hili hakukuanzia Katuba. Huko Marekani, mwaka 1975, mwanaisimu Robin Lakoff aliandika kwamba mwanamke anayejibu kwa sauti ya kupanda anaonekana kama hana hakika. Wengi walishika hapo wakaacha kusikiliza. Mwaka 1991 mtafiti wa lugha Cynthia McLemore, aliyechunguza mazungumzo ya chama cha wanafunzi wa kike huko Texas, alionyesha kwamba wasichana wale walipandisha sauti hata walipowatangazia wenzao habari. Haikuwa hofu, iliwavuta wasikilizaji waungane na msemaji.

Sasa turudi kwa baba na "nini" zake. Mwaka 2009 watafiti walipima mazungumzo katika lugha kumi za dunia, wakakuta kwamba kati ya swali na jibu hupita wastani wa kama sehemu 200 za elfu za sekunde. Lakini kutaja jina la kitu kimoja tu unachokiona pichani huchukua kama sehemu 600. Maana yake, msikilizaji anaanza kulitengeneza jibu swali likiwa bado linatoka. Ndiyo maana swali ambalo msemaji atalijibu mwenyewe linachosha, naamini: tunainuka, tunashika jibu, tunanyang'anywa. Mara kumi na saba.

Tabia hiyo tuliipata darasani. "Mji mkuu wetu ni Kinsha...?" "Saaa!" Mbele ya watoto sitini wasio na kitabu, ni mbinu nzuri, inawakusanya wote, na mimi mwenyewe naitumia. Kwa watu wazima waliokuja na shida zao, mimi naiona kero. Zile "donc", "bon" na "njo vile", maneno ya kujazia mazungumzo ambayo watu huyalalamikia, hazinisumbui. Mtu anatafuta neno, mwacheni atafute.

Tulipotoka nilimfuata yule mama hadi barabarani, nikamwomba anipe sentensi yake ya tatu. Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya benki iliyokunjwa mara nne.

"Mudogo banamurudisha jana," sauti ikapanda. "Na feza nilishalipa."

Hapo ikashuka.