Tuzo ya Wegner na saa ya ukutani

Nimekagua vitabu vya sacco miaka mingi, na kwenye mkutano mkuu kipengele cha tuzo huwa nakijua kabla hakijasomwa: mwenyekiti aliyekaa bodini kuliko wote ataitwa mbele, atapigiwa makofi na kupewa saa ya ukutani. Sina ugomvi na saa. Ila kukaa kitini ni jambo moja na kuwatumikia wanachama ni jingine.

Marekani, tuzo kubwa ya vyama vya akiba na mikopo, inayotolewa tangu 1988, ina jina la Herb Wegner. Huyu aliongoza CUNA, shirikisho la vyama hivyo, kuanzia 1971 hadi alipofariki 1979. Kilichomjengea jina ni karatasi tu aliyoipigania.

Zama hizo mwanachama aliyetaka kulipa kodi ya nyumba kwa hundi ilimbidi awe na akaunti benki pia, na benki zilikatazwa na sheria kulipa riba kwenye akaunti ya hundi. Mwaka 1974, kwa idhini ya msimamizi wa serikali, vyama vichache vikaanza kujaribu karatasi inayofanya kazi ya hundi lakini inakata kwenye akiba, nayo akiba inaendelea kupata gawio. Shilingi ileile inazaa na kulipa bili! Wenye benki wakakimbilia mahakamani. Aprili 1979 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba utaratibu huo hauna nguvu ya sheria, ikalipatia Bunge la huko muda wa kurekebisha sheria hadi mwanzo wa 1980. Ruhusa ya kudumu ilipatikana Machi 1980. Wegner alikuwa keshazikwa.

Mkenya akisoma haya ataikumbuka Fosa, kaunta ya sacco inayohudumia kama benki. Sacco zetu zilipokea mishahara na kutoa pesa kaunta kabla ya Sheria ya Vyama vya Sacco ya 2008, kabla Sasra, msimamizi wa sacco, haijakuwepo. Msinielewe vibaya: nimeshakuta meneja “mbunifu” aliyefungua kaunta bila pesa za kulipa wanachama wiki moja. Ndiyo maana naipa uzito idhini ile ya 1974. Walianza wachache, macho ya msimamizi yakiwa juu yao.

(Tuzo nyingine za huko zina majina ya Dora Maxwell na Louise Herring, wanawake waliokuwapo Estes Park, Colorado, CUNA ilipoasisiwa 1934. Wote wawili walizunguka wakianzisha vyama.)

Mwaka jana kamati moja iliniomba ushauri kuhusu nani atuzwe. Nikawauliza: mwanachama anaweza nini leo ambacho hakukiweza kabla ya mtu huyu? Kimya. Kisha mama mmoja wa kamati ya usimamizi akamtaja karani wa mikopo, aliyepigania fomu ya kurasa sita ikawa mbili, hata wauza mboga wakaanza kuijaza wenyewe. Wote wakaafiki. Tatizo, saa ilishanunuliwa, na jina la mwenyekiti lilishachongwa.