Aliyezama maji: mpe hewa, tumbo liache

Kwetu Mwanza, mtu akiopolewa ziwani hapumui, hubebwa kichwa chini au hukandamizwa tumbo atapike maji. Ni sawa?

Si sawa, na nasikitika kila ninapoona bado inafanyika, maana inapoteza watu ambao wangepona. Aliyezama hufa kwa kukosa hewa. Maji mengi anayotapika yalikuwa tumboni, si kwenye mapafu. Ukiliminya tumbo, yanapanda kooni pamoja na chakula na kuingia kwenye njia ya hewa. Wakati huohuo ubongo unaanza kudhurika. Dakika chache tu bila oksijeni zinatosha.

Basi nianze na nini?

Mlaze chali mahali pagumu. Mtikise mabega, mwite kwa sauti. Asipoitika, piga kelele watu waje, na mmoja apige simu: Tanzania 114 ya Zimamoto na Uokoaji, Kenya 999. Inamisha kichwa chake nyuma, inua kidevu, sogeza shavu lako puani kwake huku ukitazama kifua, kwa sekunde zisizozidi 10. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika: anakoroma au anatweta mojamoja, kwa nafasi ndefu, watu wanasema "yuko hai, tusubiri". Huko si kupumua. Anza kazi.

Kwa aliyezama tunatanguliza pumzi. Bana pua yake, funika mdomo wake kwa wako, puliza kwa sekunde moja mpaka uone kifua kinainuka. Fanya hivyo mara 5. Kisha weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza mara 30. Kwa mtu mzima kifua kizame sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara ukiache kirudi juu chote. Pumzi 2, kandamiza 30, pumzi 2, usikatishe. Mkiwa wawili pokezaneni kila dakika 2, kwani mikono ikichoka mtu hubonyeza juujuu bila kujijua.

Je, mtoto?

Mpango ni uleule, ila kifua kizame theluthi moja ya unene wake. Kwa mtoto mdogo, kandamiza kwa mkono mmoja tu. Kichanga, kizungushie mikono kifuani ubonyeze kwa vidole gumba viwili, na unapompulizia funika mdomo na pua pamoja, kwa pumzi ndogo. Na jamani, ndoo ya maji iliyoachwa wazi uani inatosha kumzamisha mtoto anayetambaa.

Nikimvunja mbavu?

Inatokea. Mbavu zitaunga, lakini moyo uliosimama hauanzi wenyewe.

Akitapika?

Mgeuze mwili mzima kwa ubavu, futa unachokiona mdomoni, mrudishe chali, endelea. Usiache mpaka apumue, wahudumu wafike, au nguvu zikuishie kabisa.

Amezinduka, anasema hajambo. Twende nyumbani?

Nendeni hospitali, hata kama anatembea na anacheka. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kushindwa kazi saa kadhaa baadaye. Mkiwa mnasubiri usafiri, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, mlazeni ubavu akilegea. Kikohozi kisichokatika, kuhema haraka au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kukimbia zaidi.

Na kama bado yuko majini, nijitose?

Kama hukufundishwa kuokoa, usijitose. Anayezama hushika chochote na kukididimiza, na mara nyingi tunazika wawili. Mrushie kamba, au mnyooshee upondo wa mtumbwi ukiwa umelala kifudifudi ukingoni. Dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, linaelea vizuri na linampa mtu mzima cha kushikilia. Lifungeni kamba kabla ya kurusha, ili mumvute.