Kempa ipi inakufaa? Anza na barabara, jiko litafuata

Picha ninazotumiwa WhatsApp na watu wanaotaka kutengenezewa kempa, yaani gari la kusafiri na kulala humohumo, karibu zote ni za ndani ya gari: kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, sinki dogo zuri, taa zile za kuning'inia. Barabara wanayotaka kupita hawaitumi. Mi ni fundi bodi hapa Arusha na swali langu la kwanza ni hilohilo la barabara, utafika wapi na mvua ikikukuta huko utatokaje. La pili huwa linawashangaza: saa 12 asubuhi ukitaka kutoka kuangalia wanyama, kitanda chako unaondoka nacho au kinabaki kambini?

Hilo la pili linaamua mambo mengi kuliko jiko, amini.

Wengi wanaanza na hema la juu ya keria na siwalaumu, kwa sababu gari inabaki gari ya familia, wiki nzima inapeleka watoto shule alafu Ijumaa mnafunga hema mnaondoka. Hema la kawaida lina kilo 50 mpaka 70 hivi na zote ziko juu ya paa, kwahiyo keria ziwe za kazi, sio zile za urembo, na uangalie mtengenezaji wa gari anaruhusu paa libebe kilo ngapi gari ikiwa inatembea (ikiwa imesimama inabeba zaidi, ndo maana mnaweza kulala wawili juu bila paa kubonyea). Tatizo linakuja asubuhi. Umelala Seronera kule Serengeti, labda kambi ya Pimbi au Nyani, unataka kuwahi simba kabla jua halijawa kali, inabidi ulikunje hema likiwa na umande, ufunge mikanda gizani, watoto wamenuna, na kama mnakaa siku tatu kambi hiyohiyo mtafanya hivyo kila siku. Ya gamba gumu yanafunga haraka lakini bei inapanda sana. Alafu kuna ngazi ya kushuka kwenda chooni usiku wa manane, Simba Campsite pale Ngorongoro tembo huwa wanaingia kambini kufuata maji, we fikiria uko ngazi ya tatu. Na baridi ya pale sio ya mchezo, uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na kinachokutenga na upepo ni turubai tu.

Kama safari zako ni za mbugani kweli, tena zaidi ya mara moja kwa mwaka, mi nakwambia tafuta mkonga, yaani Land Cruiser 78 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, haina haraka. Ina tangi mbili, ukijaza zote una lita 180, na kwa mtu anayeelekea hifadhi ya mbali kama Katavi hiyo inamaanisha amani ya moyo. Fundi wa Mugumu anaijua, wa Mpanda anaijua, spea zipo kila mahali kwa sababu magari mengi ya utalii ni hizohizo. Tunachofanya ni kukata paa na kuweka lingine la kuinuka, jioni unalisukuma juu unasimama wima ndani, kitanda kiko huko juu, na asubuhi unalishusha dakika mbili tu umeshawasha gari. Kitanda kinaondoka na wewe bila kero. Usiku ukisikia kitu huna haja ya kutoka nje, unaruka tu kwenye usukani.

Ila paa hilo ndo sehemu ya kuchagulia fundi. Paa la gari linashikilia bodi lisijipinde, ukilikata bila kuweka fremu ya chuma kuzunguka tundu, baada ya ile barabara ya kutoka geti la Naabi kwenda Seronera, vile vituta vya mawimbi visivyoisha, utaanza kuona milango haifungi na kioo cha mbele kimepata ufa. Ukifika gereji ukakuta wanataka kukata kwanza alafu fremu "tutaona", chukua gari yako uondoke. Na usijidanganye kwamba familia ya watu watano italala humo. Wawili wanakaa vizuri, wawili na mtoto mdogo wanavumiliana.

Sasa uzito, hapa ndo nagombana na wateja. Kila gari ina uzito wa mwisho ambao mtengenezaji ameuruhusu, upo kwenye kibao au kitabu cha gari, ukitoa uzito wa gari tupu kinachobaki ndo mzigo wako, na ni kidogo kuliko unavyodhani. Dizeli lita 180 peke yake ni kama kilo 150. Maji lita 80 ni kilo 80. Watu wanne wazima weka kilo 280. Hapo bado hujaweka kabati, batri, friji, tairi la pili la akiba, wala ile mbao ngumu ya mninga mteja anayoitaka kwa sababu ni nzuri. Ni nzuri kweli, ila iache sebuleni! Kabati za kempa zinatengenezwa kwa plaiwudi nyepesi na fremu ya alminiamu, na vitu vizito kama batri na tangi la maji vinakaa chini katikati ya ekseli, sio nyuma ya mlango.

Wa safari za lami wala sio lazima waumie na bei ya mkonga. Hiace inatosha kabisa. Kama ratiba yako ni Lushoto, Tanga, Pangani, Bagamoyo, au kwa wenzetu wa Kenya Naivasha mpaka Diani, Hiace ya paa refu unasimama ndani bila kukata chochote, kitanda cha kudumu, jiko, unaishi. Ila mtu asikudanganye na zile zilizoandikwa 4WD kutoka Japan, zinasaidia kwenye tope jepesi na majani yenye umande, lakini hazina gia nzito ya chini na tumbo liko karibu na ardhi. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa Ndutu, ukinyeshewa kidogo tu Hiace inakaa hapo mpaka trekta ije. Na kushuka kreta ya Ngorongoro wanataka gari ya fowili ya kueleweka. Kwa pwani tumia pesa kwenye madirisha ya pande zote mbili yenye nyavu, joto la Tanga usiku linashinda feni.

Familia kubwa, au mtu anayetaka kuishi humo miezi, namwambia Canter, lile lori dogo. Unajenga boksi nyuma unavyotaka, spea ziko mpaka vijijini. Jua tu kwamba gari yenye uzito wa kuanzia kilo 3,500 inatakiwa kupita mizani, na mbugani ada ya gari inapanda kwa uzito, kwahiyo fanya hesabu mapema. Trela sina mengi, zuri kwa mtu wa kambi moja siku nyingi, baya kwa barabara za vumbi, bomba la kuvutia na springi ndo vinakufa kwanza.

Ndugu zetu wa Ulaya wananiuliza sana kuhusu kuleta ile motahomu yao ya Fiat Ducato. Inavuta kwa tairi za mbele, iko chini, nyingi usukani uko kushoto, na Kenya hawasajili usukani wa kushoto kwa mtu wa kawaida wala gari iliyozidi miaka 8. Tanzania ukizidisha miaka 8 unakutana na ushuru wa uchakavu. Uza hukohuko, njoo na hela.

Vingine vidogo: gesi tumia mtungi wa kilo 6 wa hapahapa, kwa sababu mitungi ya Ulaya hutapata pa kuijaza. Friji chukua ya kompresa ya volti 12, zile za kutumia gesi zinataka gari isimame sawasawa na kambi zetu hazina tambarare hiyo. Turubai usichague bluu wala nyeusi hata kama inapendeza, mbung'o wanazipenda rangi hizo, mitego yao yenyewe inashonwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi, na Tarangire utajuta. Na kabla hujalipa hata advansi, kodi gari ya aina unayoitaka, zipo za kukodi Arusha na Nairobi, ulale nayo usiku mitatu, mmoja uwe wa mvua kama unaweza kuupata.