Changamwe Haikuzaliwa na Rifainari, wala Haikufa Nayo

Nimeichoka sentensi hii kuhusu mtaa wa Changamwe, Mombasa, na kiwanda chake cha kusafisha mafuta: "Rifainari ilipofungwa, Changamwe ikafa." Nimeisikia redioni, nimeisoma kwenye tasnifu ya mwanafunzi, na juzi dalali mmoja wa viwanja amenikariria kama aya. Kazi yangu ni historia ya miji ya pwani, na utafiti wangu mwingi uko upande huu wa magharibi, kuanzia Kibarani hadi Miritini. Sentensi hiyo inachukulia kwamba mtaa ulizaliwa na rifainari na ukafa nayo; ina makosa mwanzo na mwisho, na inawafuta watu.

Tarehe nazipitia haraka, kwa sababu hazina ubishi. Kampuni ya rifainari iliundwa 1960 na Shell na BP, mitambo ikaanza kazi 1963, usafishaji wa mafuta ghafi ukasimama 2013. Lakini reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, na treni ikivuka Makupa kutoka kisiwani inaingia Changamwe. Gati za kwanza za maji ya kina pale Kilindini ni za 1926. Uwanja wa ndege wa Port Reitz ni wa Vita vya Pili vya Dunia. Rifainari ilikuta mtaa ukifanya kazi.

Na kabla ya reli kulikuwa na wenyewe. Wachangamwe ni moja ya Thelatha Taifa, yaani makundi matatu ya Waswahili wa Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana, na Wajomvu wamo katika Tisa Taifa, yale makundi tisa mengine. Hayo ndiyo mataifa kumi na mawili ya Mombasa. Majina mawili makubwa ya upande huu, Changamwe na Jomvu, ni majina ya watu kabla hayajawa majina ya steji za matatu. Vitabu huyachora mataifa haya kama masanduku yaliyofungwa, kila moja na mipaka yake. Mimi nina shaka. Watu walioana, walihama, walifuata mashamba na biashara na Wadigo na Waduruma, na sidhani mzee wa Changamwe wa wakati huo angeutambua mpaka wowote tunaomchorea leo. Ila kusema hapakuwa na mtu ni uongo.

Uongo huo una chanzo kwenye makaratasi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi katika ukanda wa pwani ajitokeze kuidai, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Aliyekuwa na shamba kwa kauli ya wazee, bila karatasi, alijikuta mgeni kwao. Tangu hapo mtu anaweza kujenga nyumba Magongo au Chaani, nyumba ikawa yake, na kiwanja kikawa cha mwingine anayedai kodi ya ardhi. Wageni hushangaa wakiambiwa "nyumba bila ardhi". Hapa Mombasa hilo ni jambo la kila siku.

Sasa niingie kwenye linaloniudhi hasa, yaani kazi.

Watu huuona ule mnara na mapipa makubwa, wakadhani ndani mlikuwa na maelfu. Rifainari haifanyi kazi hivyo. Meli inafunga Kipevu, mafuta ghafi yanapanda kwa bomba hadi kwenye matangi, yanapikwa, yanatoka tena kwa bomba. Na kuanzia 1978 bomba likayafikisha Nairobi. Mafuta hayabebwi begani. Mtambo wa aina hiyo unaendeshwa kwa zamu na watu mamia tu, mafundi waliosomea. Walilipwa vizuri na walinunua madukani kwetu, hilo nakubali, na kufungwa kwake kuliwaumiza wao na familia zao. Lakini Changamwe haikulishwa na mishahara ile.

Changamwe ililishwa na makuli, wapagazi wa bandarini. Gunia la kahawa, gunia la saruji, shaba, chai: vyote vilipita mgongoni mwa mtu kabla havijafika melini. Makuli walipogoma Januari 1947, pamoja na watu wa reli na wengineo, mji mzima ulisimama karibu wiki mbili. Chege Kibachia akawa sauti yao, na serikali ikamkamata mwaka huohuo. Bandari iligoma tena 1955, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaingia kati kusaka mapatano. Migomo hiyo ndiyo iliyoilazimisha serikali ya kikoloni kumtazama kibarua wa Mombasa kama mtu mwenye familia anayehitaji nyumba na ajira ya kudumu.

Kilichowapunguza makuli hao ni kontena. Genge la watu lililokuwa likipakua shehena kwa siku kadhaa nafasi yake ilichukuliwa na winchi na dereva mmoja. Mabadiliko hayo yalikwenda polepole, hayana siku ya kufungwa wala picha ya lango lenye kufuli, na nadhani ndiyo maana hayasimuliwi. Kisha ikaja reli mpya ya 2017, na 2019 amri ya kuyapeleka makontena Nairobi kwa treni. Hapo ndipo madereva wa matrela, makanika, mawakala wa forodha na akina mama wa vyakula wa Miritini na Magongo walipoingia barabarani kuandamana. Amri iliondolewa 2022, lakini walioziuza gari zao hawakurudishiwa.

Na kuna kiwanda ambacho hakitajwi kabisa. Mwaka uleule wa 1963, wachongaji wa Kikamba waliunda ushirika wao hapa Changamwe, kwenye njia ya uwanja wa ndege. Asili ya ufundi huo hutajwa kuwa Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wamakonde wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nenda ukaangalie. Mchongaji ameketi chini, kigogo amekibana kwa nyayo, tezo inashuka karibu kabisa na vidole. Pembeni mwenzake anapiga msasa masikio ya twiga, kisha polishi. Mpingo na muhugu vilipoadimika, wengi walihamia mwarobaini, mti mgumu kuuzoea kwa sababu ukikauka haraka unapasuka na kazi yote inapotea. Walijifunza kuukausha. Rifainari imezima, tezo zinalia bado.

Mitaa mingine ina hesabu yake. Chaani na Mikindani zilipimiwa viwanja kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na ndiyo maana barabara zake zimenyooka kuliko za Magongo. Owino Uhuru, karibu na Mikindani, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi 2014. Risasi, ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri, iliingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo na ambaye mwanawe aliathirika, aliongoza mapambano, na 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea kupanda ngazi za rufaa.

Kwa hiyo mwanasiasa akisimama Changamwe kuahidi kurudisha viwanda, ataje ni kiwanda gani, kitaajiri watu wangapi kwa kazi ya mikono na si kwa bomba, na moshi wake utaelekea nyumba za nani.