Kutangaza mpira kwa mbali hakufuti uwanja

Juzi tena, kijiweni Mikindani, mzee ninayemheshimu kanikazia macho: "Mwanangu, si siku hizi mnatangaza kwa mbali? Uwanja wa nini tena? Hiyo pesa ya serikali ya viwanja itununulie salfa ya kupulizia mikorosho." Hoja hii nimeimeza mara nyingi. Safari hii imenikaa kooni.

Kutangaza kwa mbali maana yake mwongozaji na mchanganya picha wanakaa studio Dar es Salaam, pengine na mtangazaji. Kamera haziendi Dar es Salaam. Mechi ikiwa uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara au wa Majaliwa kule Ruangwa, kamera, maikrofoni na sisi tunaozishika tuko palepale, juani. Kilichopungua ni lile gari kubwa la mitambo ambamo mwongozaji alikuwa anakaa. Faida ipo: Mei 2024 barabara ya Kusini ilipokatika Somanga, gari kama lile lisingepita.

Kinachonikera zaidi ni kuambiwa, "Intaneti ipo, shida nini?" Shida ni kuchelewa. Pasipo na faiba, waya wa kioo unaopitisha data kwa mwanga, picha zetu hupitia setilaiti, nayo iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Picha ikipanda na kushuka, robo ya sekunde imekwenda. Amri ya mwongozaji ikirudi kwa njia hiyohiyo, robo nyingine. Enkoda, kifaa kinachobana picha ili isafirishwe, nayo inachukua chake. Ananiambia "vuta karibu", mshambuliaji keshapiga, mpira uko wavuni. Kwa hiyo najifunza kubashiri, na siku nyingine nabashiri vibaya, nyumbani mnamlaumu mpigapicha. Kwa faiba, Mtwara hadi Dar es Salaam ni milisekunde chache tu. Lakini faiba sharti ifike uwanjani; ikiishia mjini hainisaidii kitu.

Umeme nao. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tulikuwa nje ya gridi ya Taifa, tukitegemea mitambo ya gesi ya hapahapa. Umeme ukizimika, hata jenereta ikiwaka haraka, enkoda inaanza upya na goli linapita.

Kuhusu mtangazaji kukaa studio, bado roho yangu haijatulia. Anaona kile tu ninachomwonyesha. Kocha akigombana na mwamuzi wa akiba na mimi niko golini, kwake hakijatokea kitu.

Hoja ya salfa ni nzito, na mama ambaye kata yake haina zahanati sina jibu la kumpa. Lakini mzee akiitetea kwa kusema kamera zimeondoa haja ya uwanja, nabisha.

Na hata fungu likitoka, naona huwa linaanzia kwenye rangi na viti vya jukwaa kuu. Mimi ningeanza na faiba, umeme wa njia tatu, na jukwaa la kamera la kudumu upande wa magharibi, ili jua la saa kumi liwe mgongoni. Kuna uwanja huku Kusini tunafunga kamera namba moja juu ya mirunda, na filimbi ya mwisho ikilia tunaibomoa.