Mtoto wa Makao Naye Ana Mzazi: Ufafanuzi kwa Walimu na Kamati za Shule

Shule zikishafunguliwa, haziishi wiki mbili kabla meza zetu za ustawi wa jamii hazijapokea malalamiko yaleyale, na muhula huu yamezidi kiasi cha kulazimu maelezo haya. Mtoto anayeishi kwenye makao ya watoto, au kwa mlezi aliyekabidhiwa na ofisi, anarudishwa kutoka shuleni saa mbili asubuhi. Kosa lake huwa la kawaida: amechelewa namba, hakuleta ufagio, amepigana na mwenzake. Agizo nalo ni moja: usirudi hapa bila mzazi.

Siku moja nilikuwa nakagua majalada kwenye mojawapo ya makao hayo, mtoto wa darasa la tatu akaingia na begi lake mgongoni. Hakulia. Alisimama mlangoni akamwuliza mama mlezi, "Mzazi ndiyo nani? Ni wewe au ni yule wa gari?" Yule wa gari nilikuwa mimi.

Swali hilo lina jibu, na si kazi ya mtoto kulitafuta. Kama anaishi kwenye makao, wa kuitwa shuleni ni meneja wa makao au mlezi aliyeteuliwa naye. Kama yuko kwenye malezi ya kambo, ni mlezi wa kambo. Kama amewekwa kwa mtu wa kuaminika, yaani mtu aliyeidhinishwa kumhifadhi mtoto kwa muda mfupi, ni huyo mtu wa kuaminika. Nyuma yao wote yupo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye ndiye mwenye jalada. Mama mzazi wa mtoto anaweza kuwa hai, tena anafahamika na anamtembelea, lakini kama mtoto ameondolewa kwake kwa sababu za ulinzi, shule haimwiti kwa kujiamulia. Inatuuliza kwanza.

Hapa naomba tuelewane jambo moja. Malezi ya kambo hayamaanishi baba wa kambo. Nimeulizwa na mwalimu mkuu wa siku nyingi, kwa hasira kabisa, kwa nini ofisi inampeleka binti kwa baba wa kambo ilhali tunajua mambo yao. Mlezi wa kambo ni mtu aliyeomba, akachunguzwa, nyumba yake ikatembelewa, ndipo akakabidhiwa mtoto kwa muda chini ya usimamizi. Hajamwoa mama wa mtu. Vilevile makao ya watoto si mahabusu. Makao ya Taifa ya Kurasini pale Dar es Salaam na ya Kikombo, Dodoma, ni ya serikali. Mengine mengi yanaendeshwa na mashirika, taasisi za dini na watu binafsi kwa leseni. Mahabusu za watoto, wanakokaa wenye kesi mahakamani, ni kitu kingine, na Shule ya Maadilisho ya Irambo kule Mbeya, ya waliokwisha kuhukumiwa, ni kingine tena. Mzazi aliyetaka mwanawe ahamishwe dawati kwa kuwa amekalishwa na "mtoto wa mahabusu" alijibiwa na ofisi kwa maandishi, na sitarudia hapa tulichomwandikia.

Sasa nije kwenye uhamisho, maana huko ndiko watoto wanakopotezea miaka.

Mtoto aliye chini ya uangalizi huhama kuliko mwanafunzi yeyote mwingine. Anaondolewa nyumbani usiku, anawekwa kwa mtu wa kuaminika, baada ya wiki kadhaa anapelekwa makao, mwaka unaofuata anapatikana shangazi. Kila hatua inaweza kuwa na shule yake. Shule nyingi humpokea vizuri, akapewa dawati na daftari, mambo yakaishia hapo. Ila kumpokea darasani hakujamhamisha. Kila mwanafunzi ana namba ya PREM katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na mpaka shule aliyotoka imwachie na shule aliyoendea imkubali ndani ya mfumo huo, mtoto anasoma Dodoma huku kimfumo bado yuko Kahama. Hakuna anayegundua mpaka wakati wa kusajili watahiniwa wa darasa la nne au la saba. Hapo simu zinaanza kupigwa, na shule ya zamani imeshabadilisha mwalimu mkuu mara mbili.

Utaratibu wenyewe hauna maajabu. Ofisi ya ustawi wa jamii inaandika barua kwa mwalimu mkuu wa shule inayompokea, nakala kwa afisa elimu wa halmashauri. Mwalimu mkuu anathibitisha nafasi kwa maandishi, si kwa mdomo. Shule ya zamani inaanzisha uhamisho kwenye mfumo. Kama ni nje ya halmashauri au mkoa, maafisa elimu wa pande zote mbili wanahusika kuuidhinisha. Rekodi za maendeleo ya mtoto zinatumwa kwa njia ya ofisi, hakabidhiwi mtoto wala ndugu azibebe. Barua yetu iwekwe kwenye jalada la mwanafunzi, na jalada hilo lifungiwe kabatini kwa mwalimu mkuu. Nasema lifungiwe kwa sababu nimekuta barua inayoeleza ukatili aliofanyiwa mtoto ikiwa imebanwa ubaoni ofisini kwa walimu, katikati ya ratiba ya zamu na orodha ya wadaiwa wa chai.

Kwa nini rekodi zisipitie kwa ndugu? Kwa sababu baadhi ya watoto hawa waliondolewa nyumbani kwa kuwa anayewadhuru ni ndugu. Mjomba anafika shule ya zamani amevaa vizuri, anasema anamtafuta mpwa wake ampelekee sare, na mwalimu kwa wema tu anamwambia mtoto amehamia wapi. Wiki inayofuata mjomba yuko getini kwa shule mpya saa ya kutoka, ana soda na biskuti. Shule iwe na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, yasizidi mawili au matatu, na mlinzi wa getini naye ayajue. Asiyekuwemo haondoki na mtoto hata akija na picha ya ubatizo. Akianza fujo, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo, na simu namba 116 ya huduma kwa mtoto haitozwi hela.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, mtoto aliyeokotwa au aliyetelekezwa naye husajiliwa, na ni kazi yetu na ya makao kufuatilia RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi. Inachukua muda. Shule imwandikishe huku tunafuatilia. Anayemwambia mtoto wa miaka saba akae nyumbani mpaka cheti kitoke asome kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009 (Zanzibar wana yao, Na. 6 ya mwaka 2011, na maelezo haya hayaigusi). Kifungu hicho kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto elimu. Adhabu iko kifungu cha 14: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kifungu kinasema mtu yeyote, na mwalimu ni mtu, mjumbe wa kamati ya shule ni mtu, na meneja wa makao anayembakiza mtoto alee wadogo wakati wenzake wako darasani naye ni mtu. Si nia ya ofisi kumburuza mwalimu mahakamani. Hatua ya kwanza huwa simu. Ya pili ni barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu. Ya tatu ni kikao, chenye mihtasari. Ikishindikana, jalada linaenda kwa mwanasheria wa halmashauri, na kuanzia hapo siwezi tena kulizungumzia.

Michango nayo. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, shule za msingi na sekondari za umma hadi kidato cha nne hazitozi ada, na tangu mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo. Michango ya hiari ina utaratibu wake, na mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Lakini imejengeka dhana kwamba makao yana wafadhili wazungu, kwa hiyo mtoto wa makao atoe zaidi: rimu ya karatasi, mabati, wakati mwingine ndoo tatu wakati wenzake wanaleta moja. Makao mengi yanahesabu kilo za unga kama kaya nyingine yoyote.

Dhana hiyo ina pacha wake, ambaye ni huruma ya hadharani. Mgeni anakuja na madaftari, mwalimu wa zamu anapaza sauti mstarini: "Yatima wote pita mbele!" Watoto wanapita, wanapigwa picha, picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp la kata kabla ya kengele ya saa nne. Kwanza, wengi wao si yatima. Pili, kuna niliyemtafutia makazi mapya kwa sababu ya picha ya namna hiyo. Zawadi zipelekwe kwa meneja au mlezi, zigawiwe huko, shuleni mtoto aje na daftari kama daftari la mwenzake. Najua walimu wanafanya kwa nia njema. Nia njema ndiyo inayotupa kazi ngumu, maana huwezi kuiandikia barua ya onyo.

Darasani kwenyewe hatutaki mengi. Mfano ninaopenda kuutoa ni ule wa zoezi la ukoo. Mwalimu anachora mti ubaoni: babu na bibi juu, baba na mama katikati, mimi chini. Jazeni majina. Nimeona daftari la mtoto mmoja aliyejaza viboksi vyote. Babu alimpa jina la mlinzi wa makao, bibi jina la mpishi, mama jina la mama mlezi wa zamu ya usiku, na kwenye kiboksi cha baba akachora gari. Mwalimu alimpigia alama nyekundu ya kukosa, hakupata hata maksi moja. Kilichotakiwa ni kubadili swali tu: andika majina ya watu unaoishi nao na kazi wanazofanya. Ujuzi unaopimwa ni uleule, na mtoto yule angepata zote.

Mtoto akisinzia, akirusha kiti, akikataa kusoma kwa sauti, mwalimu wa malezi na unasihi azungumze naye kabla ya fimbo kufikiriwa. Na kuhusu fimbo, Kanuni za Adhabu ya Viboko bado zipo na zinajulikana, ingawa utekelezaji wake ungedhani hazijulikani: mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi; visizidi vinne; viandikwe kwenye kitabu. Ofisi yetu inashauri, na inashauri kwa mkazo, visitumike kabisa kwa mtoto aliyeondolewa nyumbani kwa sababu ya kupigwa. Wapo wanaoniambia basi tunawadekeza. Waje wasome jalada moja. Nitawapa kiti na maji ya kunywa.

Umri ni tatizo jingine. Mtoto wa miaka 12 asiyejua kusoma, kuandika na kuhesabu, aliyekuwa mtaani miaka minne, hapaswi kukalishwa na wa miaka 6 mpaka magoti yagonge dawati. Upo mpango wa MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi, na shule yenye darasa hilo ndiyo tunayoitafuta kwanza. Akishaingia, apimwe kwa anachoweza sasa, maana wengi wao wanajua hesabu za chenji kuliko mwalimu wao na hawajui herufi.

Na sisi tuna letu. Tumewahi kumrudisha mtoto kwa ndugu mwezi Agosti wakati mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kwa sababu tu familia ilikuwa tayari na gari la ofisi lilikuwa linaelekea huko. Alifanya mtihani katika shule asiyoijua hata choo kilipo. Mwalimu wake wa darasa alinipigia simu akanisema, na alikuwa na haki. Siku hizi kwa watoto walio madarasa ya mtihani tunauliza shule kwanza, na mapitio ya mpango wa malezi tunayafanya likizo ya Juni au ya Desemba, isipokuwa usalama wa mtoto ukidai vinginevyo. Mwalimu wa darasa aombe kualikwa kwenye mapitio hayo. Yeye ndiye anayemwona mtoto saa nyingi kuliko sisi wote, na ripoti yake ya nusu ukurasa imewahi kubadili uamuzi niliokuwa nimeshausaini.

La mwisho ni vikao vya wazazi. Mama mlezi mmoja anaweza kuwa na watoto 14 katika madarasa saba, na shule inaita kikao cha kila darasa saa tatu, siku ileile. Anaingia darasa la kwanza, anatia saini, anakimbilia la pili, akifika la tano wameshafunga sala na mwalimu ameandika "mzazi hakuhudhuria". Apewe taarifa siku tatu kabla, atengewe nusu saa yake na kiti kimoja ofisini, madaftari yote 14 yawe mezani.