Kuba 1904: uchaguzi wa nusu Baraza na hesabu ya juya

Jumapili ya tarehe 28 Februari 1904, Wakuba walipiga kura kujaza nusu ya viti vya Baraza la Wawakilishi. Urais haukuwa ukigombewa, Seneti haikuguswa, na jamhuri yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka miwili tangu ikabidhiwe madaraka tarehe 20 Mei 1902. Wanaosimulia historia ya kisiwa hicho huuruka uchaguzi huu kwa sentensi moja ili wawahi fujo za 1905 na uasi wa Agosti 1906. Kwangu hilo ni kosa. Mbinu zilizomwangusha Rais Tomás Estrada Palma mwaka 1906 zilikuwa zimeshajaribiwa 1904, tena kwa kipimo kidogo kinachomwezesha mtu kuona jinsi kila gurudumu lilivyozunguka.

Katiba ya 1901 ilitoa mwakilishi mmoja kwa kila watu 25,000, na mmoja zaidi kwa salio linalozidi 12,500. Sensa ya 1899 ilikuwa imehesabu watu 1,572,797, ndiyo maana Baraza la kwanza lilikuwa na viti 63. Muhula ulikuwa wa miaka minne, nusu ya wawakilishi wakibadilishwa kila baada ya miaka miwili. Sasa, Baraza la kwanza liliingia lote kwa pamoja. Nani aondoke baada ya miaka miwili na nani abaki mpaka minne? Kwa Seneti Katiba ilitoa jibu yenyewe: kila mkoa ulikuwa na maseneta wanne, na kura ya bahati ingeamua wawili watakaotoka mwaka wa nne na wawili watakaokaa mpaka wa nane. Kwa Baraza la Wawakilishi iliachia sheria ya kawaida ipange. (Na 63 haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo hiyo “nusu” daima ilikuwa nusu na kidogo, au nusu kasoro.)

Haki ya kupiga kura ilikuwa pana kuliko ilivyokuwa kawaida katika nchi nyingi za wakati ule. Katika chaguzi za 1900, chini ya utawala wa kijeshi wa Marekani, mwanamume alitakiwa ajue kusoma na kuandika, au awe na mali ya dola 250, au awe alipigana katika Jeshi la Ukombozi. Katiba ya 1901 iliyafuta masharti hayo. Kila Mkuba mwanamume aliyefika umri wa miaka 21 akawa mpiga kura, isipokuwa wanajeshi walio kazini, waliozuiwa na mahakama na waliolazwa katika nyumba za kutunzia wasiojiweza. Wanawake walibaki nje kabisa. Hatua hiyo iliwaingiza daftarini maelfu ya wakulima, vibarua wa miwa na wapiganaji wa zamani, wengi wao weusi. Lakini pia iliondoa vigezo ambavyo karani angeweza kuvidai kwa karatasi. Ukishaacha kuuliza hati ya nyumba wala kumpima mtu kusoma, kinachobaki ni neno la bodi ya usajili: huyu yupo, anaishi hapa, ana miaka 21. Haki ilikuwa sahihi. Ulinzi wake ndio uliokosekana.

Sehemu ambayo watu wengi huielewa vibaya ni namna kura zilivyogeuzwa kuwa viti. Katiba iliagiza kwamba wachache wapate uwakilishi, si katika Baraza tu bali hata katika kazi ya kuandaa daftari. Njia iliyotumika kutekeleza agizo hilo katika miaka ile ya mwanzo ilikuwa kura yenye kikomo. Mkoa mzima ni jimbo moja lenye viti kadhaa, lakini mpiga kura haruhusiwi kuchagua majina mengi kama viti vilivyopo, na kila jina analochagua hupata kura moja tu kutoka kwake.

Chukua mfano wa kubuni. Mkoa una viti 6 na mpiga kura anachagua majina 4. Chama cha kwanza kina wafuasi 55,000, cha pili 45,000. Kila kimoja kikisimamisha watu 4, wa kwanza wanapata kura 55,000 kila mmoja, wa pili 45,000 kila mmoja. Sita wa juu ni wanne wa chama kikubwa na wawili wa chama kidogo. Wachache wamepata chao, Katiba imeheshimiwa.

Chama kikubwa kikiingiwa na tamaa kitasimamisha watu 6. Wafuasi 55,000 mara majina 4 ni kura 220,000. Zikigawanywa kwa wagombea 6, kila mmoja anabaki na 36,666 na chenji. Wale wanne wa chama kidogo wana 45,000 kila mmoja. Wanaingia wote wanne, na kilichotaka vyote kinaambulia viti viwili! Kwa mpangilio huu wa viti 6 na majina 4, kufagia vyote kunahitaji zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura, na nidhamu ya ajabu juu yake: kata hii iache majina mawili ya mwisho, kata ile iache mawili ya mwanzo, mpaka kura zilingane. Watu halisi hawapigi kura hivyo. Wana mgombea wao wanayempenda, wana binamu ya mkewe, wanasahau karatasi waliyopewa.

Wakuba walikuwa na neno la mchezo huu: copo. Kwa Kihispania ni ule mfuko ulio mwisho wa juya, pale samaki wote wanapokusanyika wavu unapokokotwa. “Kwenda kwa copo” maana yake kusimamisha orodha kamili na kuvua kila kiti, pamoja na vile ambavyo sheria ilikusudia vibaki kwa wachache.

Hapo ndipo jina hewa linapopata thamani yake. Katika mfano ule, chama cha watu 55,000 kinahitaji kura hewa zaidi kidogo ya 12,500, kwa sababu theluthi mbili za 67,500 ni 45,000 kamili. Ongeza 13,000 na matokeo yanahama kutoka 4 kwa 2 hadi 6 kwa 0. Tena kura hewa zina sifa ambayo mpiga kura wa damu na nyama hana: zinatii. Karani anazigawa kwa wagombea sita anavyotaka, kwa kalamu, usiku mmoja. Tunapoona madaftari ya Kuba ya miaka ile yamevimba tusidhani kila mara kwamba chama kilikuwa kinashindwa. Mara nyingi kilikuwa kinashinda, kikataka na mabaki.

Katika uchaguzi wa 1904 walioshindana hasa walikuwa Warepublikan Wahafidhina na Waliberali wa Kitaifa. Usidanganywe na majina. Hivyo havikuwa vyama vya itikadi kama tunavyovijua leo. Vilikuwa miungano ya mikoa iliyowazunguka watu mashuhuri wa vita vya uhuru: José Miguel Gómez alikuwa gavana kule Santa Clara na alikuwa na Warepublikan wake wa Las Villas (jina jingine la mkoa huo huo), Alfredo Zayas alikuwa miongoni mwa viongozi wa Waliberali wa Kitaifa, na Estrada Palma alikuwa bado anajiweka juu ya vyama. Kwa hiyo aliyeshika bodi katika mkoa mmoja alikuwa mlalamikaji katika mkoa wa pili. Tuhuma za kuchakachua zilitoka pande zote, na naamini zilikuwa za kweli kwa pande zote.

Matokeo yalipofika Havana yalikutana na vifungu viwili vya Katiba ambavyo kila kimoja peke yake kina mantiki, ila pamoja vinanyongana. Kwanza, kila chumba cha Kongresi, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi, kinaamua chenyewe uhalali wa kuchaguliwa kwa wajumbe wake. Hakukuwa na mahakama ya kesi za uchaguzi yenye neno la mwisho kwa wawakilishi. Wengi ndani ya ukumbi ndio waliopitisha au kukataa hati za kuchaguliwa za wenzao. Pili, hakuna chumba kinachoweza kufungua vikao bila theluthi mbili ya wajumbe wake wote kuwapo. Kwa viti 63, akidi ya kufungua ni watu 42. Kikishafunguliwa, kuendelea kunahitaji zaidi ya nusu tu, yaani 32.

Jiweke katika nafasi ya upande unaohofia kwamba hati zake zitakataliwa na hati za wizi za wenzao zitapitishwa. Ukiingia ukumbini unahesabiwa kwenye akidi, kisha unapigiwa kura na kushindwa. Ukibaki nyumbani na wenzako 21, jumla watu 22, ukumbi haufunguki. Hakuna hoja wala rufaa iliyokuwa na nguvu kama kutokwenda. Kongresi ilitakiwa kukutana Jumatatu ya kwanza ya Aprili. Ikafika, ikapita, na Baraza likakaa miezi bila akidi.

Gharama yake haikuonekana mara moja. Kongresi ile ya mwanzo ilikuwa na deni la sheria za kuikamilisha Katiba, na kubwa kuliko zote ilikuwa sheria ya serikali za mitaa. Katiba ilisema manispaa zina mamlaka yao. Bila sheria mpya, kilichoendelea kutumika ni sheria ya zama za Hispania, ambayo iliipa serikali kuu mkono mrefu wa kuwaondoa mameya na madiwani. Silaha hiyo ilibaki mezani. Mwanzoni mwa 1905 Estrada Palma aliacha kujifanya refa, akaingia chama kipya cha Wamoderati, akaunda baraza la mawaziri lililojulikana kama la mapambano. Waziri wake wa mambo ya ndani, Fernando Freyre de Andrade, aliiokota silaha ile na kufagia Waliberali katika manispaa. Sisemi kwamba akidi iliyokosekana 1904 ndiyo sababu pekee. Kongresi ilikuwa goigoi hata siku ilipokutana. Lakini miezi ya ukumbi mtupu ilikuwa sehemu kubwa ya ugoigoi huo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Tarehe 22 Septemba 1905, mkesha wa uchaguzi wa bodi za usajili, mwakilishi wa Kiliberali Enrique Villuendas aliuawa Cienfuegos. Kesho yake Wamoderati wakazitwaa bodi, na daftari likafika majina 432,313. Waliberali wakasusa, na Desemba 1 Estrada Palma akapita bila kupingwa.

Kuhusu daftari hilo kuna tarakimu inayorudiwa sana, kwamba majina kama 150,000 yalikuwa hewa. Mimi huitumia kwa tahadhari. Sensa ya 1907 ilikuta watu 2,048,980, yaani karibu nusu milioni zaidi ya 1899. Anayepima daftari la 1905 kwa sensa ya 1899 anapima mtu mzima kwa shati la utotoni. Daftari la 1908, lililoandaliwa upya kutokana na sensa mpya, lilikuwa na majina mengi zaidi kuliko lile la 1905. Wizi ulikuwepo, hilo halina ubishi. Ukubwa wake ndio unaopaswa kuhesabiwa upya, tena kata kwa kata, kwa kuwa jumla ya taifa huficha majina halali yaliyokatwa na mengine ya uongo yaliyobandikwa mahali pake.

Agosti 1906 Waliberali wakachukua silaha. Septemba William Taft, Waziri wa Vita wa Marekani, na mwenzake Robert Bacon wakafika kutoka Washington kusuluhisha. Tarehe 28 Septemba Kongresi ilikutana kupokea barua za kujiuzulu za rais na makamu wake. Zikasomwa. Kilichobaki kilikuwa kumchagua mrithi, na Wamoderati wakaamua kutorudi ukumbini. Hapakuwa na akidi. Mlango ule uliofungwa 1904 kwa ajili ya hati za wawakilishi ulifungwa sasa kwa ajili ya urais, na safari hii waliofunga walikuwa watu wa serikali yenyewe. Kesho yake Taft alitangaza utawala wa muda wa Marekani, kwa kutumia haki ya kuingilia kati iliyowekwa na Nyongeza ya Platt (masharti ya Marekani yaliyoambatanishwa na Katiba ya Kuba), na ukadumu mpaka Januari 28, 1909.

Chini ya utawala huo, marekebisho ya uchaguzi yaliandikwa na tume iliyoongozwa na Kanali Enoch Crowder wa jeshi la Marekani. Ukiyasoma ukiwa na 1904 akilini, unaona wazi yalikuwa yanajibu nini: daftari lianzie kwenye sensa badala ya neno la bodi ya kata, bodi ziwe za kudumu, na viti vigawanywe kwa uwiano wa kura. Hilo la mwisho ndilo lililoichana juya, kwa sababu chini ya uwiano chama cha asilimia 45 hakiwezi kufagiwa hata wenzake wagawane kura zao kwa mizani ya sonara.

Akidi ya theluthi mbili haikuguswa. Ilikuwa ndani ya Katiba, na tume ilikuwa ikiandika sheria. Nusu nyingine ya Baraza ilipochaguliwa Novemba 1910, daftari lilikuwa jipya na hesabu ya viti ilikuwa mpya, lakini mwakilishi aliyekasirika bado angeweza kubaki nyumbani na wenzake wa kutosha, na ukumbi usifunguliwe.